Supamaketi, Maadili na Mazingira: Maswali Ambayo Wateja wa Kenya Huuliza Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mnunuzi wa kawaida anayeingia supamaketi Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret, akakuta mlangoni bango la kijani lenye picha ya jani na maneno "Tunajali mazingira", halafu akajiuliza kama kuna ukweli wowote. Maswali yamefuatana kwa jinsi yanavyoulizwa sana. Lau ningeyapanga kwa uzito, la mifuko lingekuwa la mwisho.

Duka lisilotoa mfuko wa plastiki si ndilo linalojali mazingira?

Hapana, hilo ni duka linaloogopa faini. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 ni marufuku nchini Kenya kutengeneza, kuingiza au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Zanzibar ilipiga marufuku mapema, 2006, Rwanda ikafuata 2008, na Tanzania Bara ikaingia tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Kenya inamfunga mwenye matawi mia sawasawa na muuza karanga wa stendi. Muuza karanga hajabandika bango.

Lakini mfuko ninaouziwa kaunta si ni wa kitambaa?

Unafanana tu na kitambaa. Uinue mbele ya mwanga utazame vizuri: utaona vidoti vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, na kati yake nyuzi zilizotawanyika ovyo bila kufumwa. Hiyo ni polipropilini, yaani plastiki, na vile vidoti ni mahali nyuzi zilipobanwa kwa moto zikashikana. Uache juani kwa muda, utaanza kukatika-katika na kuacha vipande vyepesi vinavyopeperuka hadi kwenye mtaro. Mnene wenye mishikio iliyoshonwa vizuri hudumu, na ukiutumia miezi mingi una faida yake. Ule mwembamba unaonunua kila mara kwa sababu umesahau mwingine nyumbani ni juala lililobadilisha nguo, tofauti ikiwa kwamba sasa unalilipia wewe. Kikapu cha ukindu au kiondo bado hakijapata mpinzani.

Basi kama si mfuko, nipime supamaketi kwa kitu gani?

Kwa siku inazochukua kumlipa aliyeiletea bidhaa. Najua jibu hili huwashangaza watu waliokuja kuuliza habari za miti na taka, lakini ukifuata fedha utafika kwenye hayo yote.

Supamaketi hukuuzia unga leo na wewe hulipa papo hapo, kwa taslimu au M-Pesa. Aliyeuleta unga huo hulipwa baada ya siku 30, 60, au 90, ikitegemea mkataba na ubabe wa mnunuzi. Katika siku hizo fedha zake zinafanya kazi ndani ya duka: zinalipa kodi ya jengo, zinafungua tawi jipya, zinanunua hata hilo bango la kijani. Ni mkopo usio na riba, na anayeutoa mara nyingi ni mdogo kuliko anayeupokea. Mambo yakienda vizuri, mduara unazunguka. Mauzo yakishuka, wa kwanza kungojeshwa ni huyo saplaya.

Kenya imeliona hili kwa macho. Uchumi, iliyoanzishwa 1975 kwa mkono wa serikali, ilifunga milango 2006 ikiwa imezama kwenye madeni, ikafufuliwa, na Oktoba 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt iliyokuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe, ikiwa imeacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo kuanzia 2020. Kila mara rafu zilianza kuwa tupu miezi mingi kabla ya milango kufungwa, kwa sababu saplaya alikuwa ameacha kuleta. Mteja aliyekuwa akitazama rafu aliyajua hayo kabla ya magazeti.

Sasa fikiria mkulima au msindikaji anayedai malipo ya miezi minne. Hawezi kubadili mashine inayovuja, wala kumlipa kibarua kwa wakati, na maji machafu ya kiwandani ataendelea kuyamwaga mtoni kwa kuwa mtambo wa kuyasafisha unahitaji fedha zilizokwama ofisini mwa supamaketi. Hapo utamwambia nini kuhusu mazingira?

Sheria inasemaje kuhusu kuchelewesha malipo?

Sheria ya Ushindani ya 2010, iliyofanyiwa marekebisho 2016 na tena 2019, inakataza mnunuzi mwenye nguvu kumkandamiza anayemuuzia. Imetaja wazi: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kukataa au kurudisha bidhaa bila msingi, kuvunja uhusiano wa kibiashara ghafla, na kumtwika saplaya gharama au hasara ambazo zingekuwa za duka. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inaweza kudai mikataba ionyeshe tarehe ya malipo, riba ya kuchelewa, na namna ya kusuluhisha migogoro.

Kuna aliyewahi kuadhibiwa, au ni maneno ya kwenye karatasi?

Yupo. Carrefour ya Kenya huendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai, ambayo ilifungua duka la kwanza Karen mwaka 2016 kwa leseni ya jina hilo la Kifaransa. Mwaka 2020 Mamlaka iliamua dhidi yake katika malalamiko ya Orchards, kampuni ndogo ya maziwa ya mtindi, na mwaka uliofuata Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 likaja kubwa zaidi: faini ya shilingi bilioni 1.1, baada ya malalamiko ya wasambazaji wawili, Woodlands wa asali na Pwani Oil wa mafuta ya kupikia na sabuni.

Ukiyasoma mambo yaliyolalamikiwa utaielewa biashara hii kuliko ripoti yoyote yenye picha za watoto wanaopanda miti. Saplaya hukatwa asilimia fulani ya mauzo yake kwa jina la punguzo, tena punguzo juu ya punguzo. Hulipia bidhaa yake kuingizwa kwenye rafu, na tawi jipya likifunguliwa hulipia tena. Hutoa bidhaa za bure. Hupeleka watu wake wakapange rafu kwa mshahara wake yeye. Na kisichouzika hurudishiwa.

Nisieleweke vibaya: mazoea haya si ya duka moja. Yamekuwa mila ya biashara ya supamaketi karibu kote duniani, na Carrefour ilijikuta hapo kwa kuwa kuna waliothubutu kulalamika. Wengi hawathubutu. Mwenye nguvu mpishe.

Yule kijana anayepanga sabuni kwenye rafu ni mfanyakazi wa supamaketi?

Tazama fulana yake. Ikiwa na nembo ya kampuni ya sabuni, yawezekana kabisa analipwa na kampuni hiyo, au na wakala aliyeajiriwa na kampuni hiyo, ingawa anapokea amri za meneja wa duka mchana kutwa, na duka likielemewa hutumwa hata kusukuma mizigo isiyo ya mwajiri wake. Ndiyo maana supamaketi inaposema "wafanyakazi wetu wote wana mkataba", uliza inahesabu nani.

Kwa wale walioajiriwa na duka lenyewe, sheria ya ajira ya 2007 inawapa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo, likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi hawezi kuendelea kuitwa kibarua milele. Sheria ya usalama kazini ya mwaka huohuo inataka anayefanya kazi ya kusimama apate pa kukaa inapowezekana. Ukifika kwenye malipo, chungulia nyuma ya keshia kama kuna kiti.

Chakula kinachobaki hupelekwa wapi?

Kwa sehemu kubwa hurudi kilikotoka. Mkate ni mfano mzuri. Gari la kampuni ya mkate likija alfajiri kushusha mikate mipya, huondoka na kreti za mikate ya juzi iliyokaribia mwisho wa tarehe. Duka halijatupa chochote. Kwenye vitabu vyake upotevu wa mkate ni sifuri, na wanaweza kuandika hivyo bila kusema uongo. Aliyetupa, au aliyeuza kwa bei ya kutupa kwa wafugaji wa nguruwe, ni mwenye kiwanda, na hasara yake ataiingiza kwenye bei ya mkate wa kesho.

Kwa hiyo duka likijigamba kwamba limepunguza upotevu wa chakula, swali la kuuliza ni: umepungua, au umehamia kwa mwingine?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inakadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea duniani mwaka 2022 katika ngazi ya maduka, migahawa na nyumba. Asilimia 60 ilikuwa majumbani na asilimia 12 madukani. Nambari hizo hupendwa sana na wenye maduka, na ni za kweli, lakini hazihesabu nyanya zilizokataliwa mlangoni kwa kuwa hazikulingana ukubwa.

Kwa nini wasiwape maskini?

Baadhi hutoa, kupitia makao ya watoto na mashirika ya kukusanya chakula, kwa hiari yao. Ufaransa iliamua tofauti: kwa sheria ya Februari 2016, supamaketi yenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 hairuhusiwi kuharibu chakula ambacho bado kinalika, na inapaswa kuwa na makubaliano na mashirika ya misaada. Jina hilohilo la Carrefour, kwa hiyo, lina wajibu mmoja Paris na mwingine Nairobi. Meneja wa Nairobi akiogopa kugawa maziwa ya kesho kutwa kwa hofu ya kushtakiwa mtu akiugua, simlaumu sana. Ninaowalaumu ni wabunge.

Nyama ya supamaketi ni salama?

Julai 2019 kituo cha NTV kilionyesha jinsi baadhi ya supamaketi za Nairobi zilivyotumia kemikali ya sodiamu metabisalfaiti kuifanya nyama ya zamani ionekane mbichi. Kemikali hiyo hurudisha wekundu na kuficha harufu, na kwa mwenye pumu inaweza kumletea shambulio. Tangu wakati huo ukaguzi umeongezeka, lakini macho yako ni mkaguzi wa bure. Nyama iliyokaa kwenye hewa hugeuka rangi taratibu kuelekea hudhurungi. Inayong'aa wekundu uleule Jumatatu, Jumanne na Jumatano, iache. Iliyofungwa bila hewa huwa nyeusi-nyeusi ya zambarau, na hiyo ni kawaida yake.

Miezi michache baadaye, Novemba 2019, Shirika la Viwango (KEBS) lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka: Dola, Kifaru, Starehe, 210 na Jembe. Hapo supamaketi zilisema, kwa haki kiasi, kwamba wao ni wauzaji tu. Lakini wengi wao wana unga wenye jina lao wenyewe kwenye rafu za chini, na jina likishakuwa lako mfukoni, hiyo hoja imekufa.

Na mboga? Je, zina dawa?

Swali la uchungu. Mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani, inayokwenda Ulaya hupimwa mabaki ya dawa kwa viwango vya huko. Mwaka 2013, baada ya mizigo kukutwa na mabaki yaliyozidi, Umoja wa Ulaya uliamua kupima asilimia 10 ya maharagwe na minji ya Kenya inayoingia, na wakulima wengi wadogo walitupwa nje ya soko hilo. Sukuma wiki yetu haijawahi kuwa na mlinzi mkali kiasi hicho. Kenya ina kiwango chake, KS 1758, kinachohusu kilimo cha maua, matunda na mboga, na supamaketi yoyote ingeweza kukifanya sharti la kuiuzia. Muulize meneja wa kitengo cha mboga kama wanakidai. Kama hajawahi kukisikia, umeshajibiwa.

Ile mashine ya maziwa ya kujaza chupa ni mbwembwe tu?

La, hiyo ni mojawapo ya mambo mazuri machache yaliyozaliwa hapa bila ufadhili wa semina. ATM ya maziwa unaijua: unakuja na chupa yako, unalipa hata shilingi 20, kifereji kinamwaga maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, unafunga kizibo unakwenda zako. Hakuna pakiti, na mwenye hela kidogo ananunua kidogo bila kuadhibiwa kwa bei. Uliza tu tangi husafishwa mara ngapi, na ukaguzi wa Bodi ya Maziwa ulifanyika lini. Cheti kinapaswa kuonekana, si kuwa kabatini.

Paneli za sola juu ya paa je?

Nzuri, ila usizizidishie sifa. Umeme mwingi wa Kenya tayari unatokana na jotoardhi, maji na upepo. Sola inapunguza bili na kelele za jenereta ya dizeli umeme unapopotea, na hapo ina faida ya kweli. Lakini hewa chafu kubwa ya supamaketi imejificha kwenye friji.

Gesi inayozunguka ndani ya yale majokofu marefu ya maziwa na kuku, ikivuja, hupasha dunia joto kupita kiasi. Aina iitwayo R404A ina nguvu karibu mara 3,900 ya kaboni dioksaidi: kilo 1 ikitoroka ni kama umetoa tani karibu 4. Na huvuja, hasa mabomba yakizeeka na fundi akiwa wa "ongeza gesi tu". Makubaliano ya kuzipunguza gesi hizi yalifikiwa karibu na sisi, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016. Nchi kama zetu zilitakiwa kusimamisha ongezeko kuanzia 2024, kisha kupunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Friji zinazotumia propani au kaboni dioksaidi zipo sokoni. Ubavuni mwa jokofu kuna kibandiko cha chuma chenye jina la gesi: R290 ni propani, R744 ni kaboni dioksaidi. Kisome ukingojea mwenzako achague yogati. Jokofu lisilo na mlango, linalopuliza baridi kwenye miguu ya wateja, halihitaji kibandiko.

Samaki?

Beba rula, sitanii. Katika Ziwa Victoria, mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa sentimita 50 hadi 85, na ngege asipungue sentimita 25. Anayelala kwenye barafu akiwa mdogo kuliko hapo alivuliwa kinyume cha sheria, hata kama duka lina kiyoyozi. Wa kutoka China aandikwe kuwa wa China.

Supamaketi za Uingereza si zinafuata maadili zaidi?

Zina watu wanaozifuata zaidi. Oktoba 2020 Tesco ilisimamisha kununua parachichi za Kakuzi, shamba kubwa la Murang'a, baada ya Wakenya 79 kufungua kesi London wakidai kufanyiwa ukatili na walinzi wa shamba hilo. Februari 2021 kampuni mama, Camellia, ilikubali kumaliza madai hayo kwa malipo ya hadi pauni milioni 4.6. Shinikizo la mnunuzi lilifanya kazi, na tukubali hivyo.

Lakini Tesco hiyohiyo, Januari 2016, ilikutwa na msimamizi wa Uingereza wa kanuni za biashara kati ya supamaketi na wasambazaji kuwa ilichelewesha kwa makusudi malipo ya wasambazaji wake ili hesabu zake zipendeze. Haikutozwa faini, kwa sababu mamlaka ya kutoza faini yalianza 2015, baada ya makosa yenyewe kufanyika. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Mimi ni saplaya mdogo na ninadai. Nifanyeje?

Kila mzigo uende na hati ya kupokelea, na usiondoke mlangoni kabla haijagongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Bila muhuri, kesi yako ni hadithi. Mzigo ukirudishwa, dai sababu kwa maandishi. Usikubali mabadiliko ya mkataba kwa simu. Usiweke zaidi ya theluthi ya mauzo yako kwa mnunuzi mmoja, hata kama jina lake linakupa sifa kijijini. Huo ni ushauri wangu, si wa sheria. Malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Ushindani, nawe unaweza kuomba jina lako lifichwe.

Nikinunua kwa mama mboga nimeyakwepa haya yote?

Mengi, ndiyo. Hana jokofu linalovuja, mboga zake hazina plastiki, na anachobakisha jioni hukuongezea kwenye mfuko au humpikia mwanawe. Tena amenunua Marikiti au Kongowea alfajiri kwa fedha taslimu, hivyo hakuna anayemdai siku 90. Ila kuhusu dawa iliyopuliziwa ile sukuma, anajua kiasi unachojua wewe, na kama dalali aliyemuuzia amemlipa mkulima kule Kinangop, hilo hana risiti yake.